Gari la Desemba

Nianze na dai litakalowaudhi baadhi ya marafiki zangu: wengi wetu tunaoishi Dar es Salaam na kujiita wasomi hatununui gari la maisha yetu, tunanunua gari la Desemba. Tunachukua mkopo wa miaka minne kwa ajili ya ile wiki moja ya kwenda Moshi, Bukoba au Songea kula sikukuu. Miezi kumi na moja inayobaki tunaliburuza gari hilo hilo kwenye foleni ya Mwenge na Ubungo, mtu mmoja ndani ya viti saba, kiyoyozi kinavuma, redio inaongea, na sisi tunalalamika kwamba mafuta yamepanda.

Kichekesho ni kwamba hata hiyo Desemba yenyewe hailidai. Kutoka Dar hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 500, na zote ni lami. Njiani utaziona Corolla za mwaka 1998 zimebeba watu watano, kiroba cha mchele na zawadi za bibi, na zinafika. Kile kipande cha vumbi cha kutoka barabara kuu hadi nyumbani kwa mzee ni kilomita mbili tatu, ambazo mwalimu wa shule ya msingi ya pale anazipita kila siku kwa bodaboda bila kuliita jambo hilo safari ya porini.

Najua nitaambiwa nina wivu. Sawa, niwekeni kwenye orodha ya wenye wivu, lakini mnisikilize kwanza.

Mtu atauliza: blogu ya vitabu na magari wapi na wapi? Jibu langu ni kwamba ukitaka kujua gari lina kazi gani, usimuulize muuzaji. Isikilize lugha. Muuzaji anayagawa magari kwa majina ya katalogi: sedani, SUV, pikapu, vani. Mtaa wetu una katalogi yake, na kwa maoni yangu ni bora zaidi, kwa sababu imeandikwa na watu waliopanda, waliosukuma na waliopigwa vumbi.

Tuchukue mfano mmoja tu, Land Cruiser. Kwa kiwanda, hilo ni jina moja la ukoo mmoja. Kwa Kiswahili cha Tanzania ni viumbe viwili tofauti kabisa. Kuna mkonga, lile la kazi, lenye bomba la hewa lililopandishwa pembeni ya kioo cha mbele hadi usawa wa paa ili injini isinywe maji likivuka mto. Mkonga ni gari la wagonjwa la wilayani, ni gari la askari wa wanyamapori, ni gari la daktari wa mifugo. Halafu kuna shangingi, lile jeupe la bwana mkubwa, lenye vioo vyeusi na viti vya ngozi. Hakuna kamati iliyokaa kuamua haya. Watu waliyaona magari mawili ya kampuni moja, wakatazama kila moja linafanya nini, wakalipa la kwanza jina la kiungo cha tembo na la pili jina la mtu wa kujirembesha na kujionyesha.

Hapa niseme pia kwamba neno shangingi lina dhambi yake. Lilikuwa tusi la wanawake kabla halijawa tusi la magari, na mara nyingi aliyekaa kiti cha nyuma cha gari hilo ni mwanamume mwenye tumbo lake. Tumeazima dharau ya kike ili kumdharau waziri wa kiume. Hilo tulijadili siku nyingine. Ninachotaka kuonyesha leo ni kwamba lugha ilishachora mstari kati ya gari linalofanya kazi na gari linalojionyesha. Sisi ndio tumeufuta.

Orodha ni ndefu. Kile kipikapu kidogo cha Suzuki Carry tunakiita kirikuu, na ukilisikia jina hilo lazima umkumbuke Kirikou, yule kitoto wa filamu ya katuni ya Michel Ocelot ya mwaka 1998, mdogo kuliko wote na mwenye akili kuliko wote. Hiace za daladala ziliitwa vipanya kwa jinsi zilivyopenya. Kabla yake palikuwa na chai maharage, pikapu na malori madogo yenye mabenchi nyuma, abiria wakitazamana magoti kwa magoti kama wako kwa mama ntilie. Daladala yenyewe ni nauli, ile dala ya shilingi tano, kama ambavyo matatu ya Kenya ni mapeni matatu. Na hata Harrier, gari ambalo vijana wa ofisini waliliota kwa miaka, mtaa uliitazama toleo moja kwa nyuma, ukaona taa na umbo lake, ukaiita tako la nyani. Majina yote haya yanajibu moja ya maswali matatu: linafanya nini, linagharimu nini, au limevimba kwa sababu gani. Jina la kusifia urefu kutoka ardhini sijalisikia.

Sasa tuulize: kama mtaa haukuutaka urefu huu, ulitoka wapi? Haukutoka Makete wala Turkana. Ulitoka Marekani, na kwa kiasi kikubwa ulizaliwa na sheria na kodi kuliko matope.

Kuanzia 1964 Marekani imetoza ushuru wa asilimia 25 kwa pikapu na malori mepesi yanayotoka nje. Ushuru huo ulikuwa kisasi cha ugomvi wa kuku: nchi za Ulaya zilikuwa zimepandisha ushuru kwa kuku wa Marekani, nayo Marekani ikajibu kwa kupandisha wake, malori yakiwemo. Ugomvi wa kuku ukaisha, ushuru wa malori ukabaki. Kisha, baada ya mgogoro wa mafuta wa 1973, Bunge la Marekani likapitisha mwaka 1975 sheria ya kuwalazimisha watengenezaji wapunguze ulaji wa mafuta. Lakini magari yaliyoitwa malori mepesi yaliwekewa masharti laini zaidi kuliko magari madogo, kwa hoja kwamba hayo ni ya wakulima na mafundi.

Mfanyabiashara akiona mlango uko wazi hasubiri kukaribishwa. Chukua chasisi ya pikapu, weka paa, weka viti na zulia, kisheria bado ni lori jepesi, kwenye tangazo la biashara ni gari la familia. Ford Explorer, iliyotoka mwaka 1990, ilijengwa juu ya mifupa ya pikapu ya Ranger, ikawa gari la kina mama wa vitongojini kupelekea watoto shule. Keith Bradsher, mwandishi wa New York Times aliyekuwa akiripoti viwanda vya magari kutoka Detroit, aliandika kitabu kizima juu ya habari hii mwaka 2002, High and Mighty, akieleza jinsi watengenezaji walivyochunguza hofu na majivuno ya wanunuzi kisha wakawauzia vyote viwili kwenye bodi moja. Mwaka 2018 Ford ikatangaza kwamba Amerika Kaskazini itaacha kuuza karibu sedani zake zote. Mwaka 2023, kwa hesabu za Shirika la Kimataifa la Nishati, karibu nusu ya magari mapya yaliyouzwa duniani, asilimia 48, yalikuwa SUV.

Kwa hiyo ukisimama kwenye yadi ya magari pale Dar ukasema, "Mimi napenda tu gari ya juu," jua kwamba mapenzi hayo yana historia, na sehemu yake ni ya kuku.

Wenye magari hayo wana hoja tatu, na kila moja inastahili kujibiwa.

Ya kwanza: barabara zetu mbovu. Hoja hii ina ukweli, na ndiyo maana inatumika vibaya. Ndiyo, ziko barabara ambazo bila kupanda kwa magurudumu yote manne hufiki. Anayeishi huko anajua. Ila tazama ni nani anayeishi huko na anaendesha nini. Ukienda vijijini, gari utakalolikuta limepakiwa hadi paa ni Noah, au Probox, au Hiace iliyochoka. Probox, mnajua, Toyota iliitoa mwaka 2002 kwa ajili ya makampuni ya Japani kusambazia mizigo. Gari la vibarua, halina urembo hata kidogo. Kwetu linabeba watu, mboga, mirungi kule Kenya, mbuzi, mgonjwa na jeneza. Mwenye Probox haongei habari za barabara mbovu, anaipita, anashusha mzigo, anageuza.

Halafu inama chini ya hizo gari za juu zinazopaki kwenye majengo ya ofisi. Nyingi hazina shafti inayokwenda magurudumu ya nyuma. RAV4, Harrier, X-Trail, zote ziliuzwa pia kwa toleo la kuvutwa na magurudumu mawili, na ndilo toleo la bei nafuu ambalo mwenye mkopo hulichagua. Ni gari dogo lililovaa viatu virefu. Ikinasa kwenye tope la Goba, itanasa kama IST, ila itahitaji watu wengi zaidi kuisukuma.

Na gharama? Tupige hesabu ya mtu wa Kimara anayefanya kazi Posta. Tuseme kilomita 40 kwa siku pamoja na mizunguko midogo, siku 25 kwa mwezi. Hizo ni kilomita 1,000. Gari linalokwenda kilomita 14 kwa lita litakunywa lita 71. Linalokwenda kilomita 7 kwa lita litakunywa lita 143. Tofauti ni lita 71 na ushee kila mwezi. Tuchukue shilingi 3,000 kwa lita kama mfano: ni zaidi ya shilingi 210,000 kwa mwezi, zaidi ya milioni mbili na nusu kwa mwaka. Sijagusa matairi, ambayo kwa gari kubwa bei yake ni nyingine kabisa. Sijagusa bima, wala ushuru wa bidhaa unaopanda kadiri injini inavyokua. Mwenye pesa zake afanye apendavyo. Mimi namsema yule anayeniambia kwamba hawezi kununua kitabu cha shilingi 15,000 kwa sababu maisha magumu, huku kila mwezi anamwaga vitabu kumi na vinne kwenye tenki, na mabaki yanapatikana.

Hoja ya pili: usalama wa familia. Hii inasemwa kwa sauti ya upole, na ndiyo inayonikera kuliko zote. Usalama wa familia ya nani? Mwaka 2023 taasisi ya Marekani ya bima kwa ajili ya usalama barabarani, IIHS, ilitoa utafiti kuhusu watembea kwa miguu waliogongwa. Pikapu, SUV na vani zenye boneti inayozidi inchi 40 kutoka ardhini, yaani kama mita moja, zilikuwa na uwezekano wa takribani asilimia 45 zaidi wa kumuua anayegongwa kuliko gari lenye boneti ya chini ya inchi 30 iliyolala. Huhitaji kuwa daktari kuelewa. Gari la chini linampiga mtu mguuni na kumrusha juu ya boneti. Gari la juu linampiga kifuani au kichwani, kisha linamwangusha mbele yake. Mtoto wa darasa la pili, hata huonekani naye ukiwa umekaa kule juu.

Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya nusu ya wanaokufa barabarani duniani ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na wenye pikipiki. Kwetu hao ndio wengi wa watu wote. Barabara zetu hazina njia za miguu za kutosha, watoto wanatembea ukingoni mwa lami kwenda shule, mama anauza mahindi hatua mbili kutoka tairi. Katika nchi ya namna hiyo, mtu anayenunua ukuta wa chuma wenye uzito wa zaidi ya tani mbili ili awe salama anawahamishia wengine hatari aliyoikimbia. Naomba tuache kuliita jambo hilo upendo wa familia. Yule mtoto wa ukingoni naye ana familia.

Wafaransa wa Paris waliulizwa swali hili kwa kura, Februari 2024: je, wenye magari mazito wasio wakazi walipe maegesho mara tatu? Asilimia 54 na kitu wakasema ndiyo. Waliojitokeza kupiga kura walikuwa wachache mno, chini ya mmoja kati ya kumi, kwa hiyo sidai kwamba Paris nzima imeamua. Ninachokipenda ni swali lenyewe: kwamba mji unaweza kumwambia mwenye gari, unachukua nafasi kubwa kuliko mwenzako, basi lipia.

Hoja ya tatu haisemwi hadharani, lakini ndiyo yenye nguvu: heshima. Hapa siwezi kucheka sana, kwa sababu ni ya kweli. Mimi naendesha gari dogo la kawaida lenye buti. Nimewahi kufika kwenye geti la hoteli moja mjini, nimealikwa kusoma kwenye hafla ya vitabu, mlinzi akanisimamisha na kuniuliza, "Unamshusha nani, kaka?" Nyuma yangu lilikuwepo la juu, jeusi. Hakulisimamisha, alilipigia saluti, na kwa kuwa mimi nilikuwa njiani, nikaambiwa nisogee pembeni kumpisha mheshimiwa. Mheshimiwa alipotelemka alikuwa kijana aliyeleta spika za muziki.

Simlaumu yule mlinzi. Amefundishwa, na waliomfundisha ni sisi na viongozi wetu. Tangu miaka ya sitini Kiswahili kimekuwa na neno wabenzi, ikimaanisha kabila jipya lililotambulika kwa gari badala ya ukoo. Azimio la Arusha la 1967 lilijaribu kuwabana viongozi wasiwe mabwanyenye. Neno wabenzi likaishi kuliko Azimio. Jirani zetu Kenya walijaribu kwa njia nyingine. Juni 2009, Uhuru Kenyatta akiwa Waziri wa Fedha alitangaza kwenye bajeti kwamba mawaziri na wakubwa warudishe magari makubwa, watumie yenye injini isiyozidi CC 1800. Serikali ikanunua Volkswagen Passat. Jamani, kelele zilizofuata! Eti Passat haifiki vijijini. Eti ni ndogo. Watu walewale waliokuwa na jukumu la kujenga barabara za vijijini walikuwa wanasema barabara hizo hazifai kwa gari la kawaida, na wakaitumia hali hiyo kama sababu ya kubaki na magari makubwa. Kwangu huo ndio ushahidi mzuri kuliko wote. Kiongozi akikaa ndani ya gari lisiloyahisi mashimo, mashimo yatakaa sana.

Na sasa nigeukie kwetu, watu wa vitabu, maana mpaka hapa nimewapiga wengine.

Nasoma hadithi nyingi za Kiswahili zinazotoka sasa, mitandaoni na vitabuni. Ninaomba kitu kimoja: lipigeni marufuku "gari la kifahari". Kila tajiri katika hadithi zetu anashuka kwenye gari la kifahari. Ni gari gani? Lina umri gani? Linatoa sauti gani likiwashwa asubuhi? Mlango wake wa nyuma unafungwa mara moja au lazima uubamize? Nani analiosha? Hatuambiwi. Mwandishi ameweka kivumishi akaendelea na safari. Huo ni uvivu uleule wa mnunuzi wa yadi: ameona sifa, hakuuliza kazi. Hadithi zinazolisha ndoto za msomaji kwa gari lisilo na kazi zinafanya kazi ya tangazo la biashara, tena bure.

Waliojua walifanyaje? John Steinbeck, katika The Grapes of Wrath ya mwaka 1939, ana sura nzima, ya saba, inayosikika kama mdomo wa muuzaji wa magari chakavu akiwatazama wakulima waliofukuzwa mashambani. Yumo muuzaji anayetia unga wa mbao kwenye gia ili zisilie. Ukitaka kununua gari la mtumba popote duniani, soma sura hiyo kwanza. Na gari la familia ya Joad ni nini? Ni Hudson iliyozaliwa sedani, ikakatwa juu, ikatiwa bodi ya lori nyuma, kwa sababu familia nzima pamoja na magodoro na sufuria ilipaswa kuvuka nusu ya Marekani. Kijana wao Al anaendesha sikio likiwa kwenye injini. Katika riwaya hiyo, uchaguzi kati ya sedani na lori ni suala la nani atapanda na nani ataachwa.

Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Shetani Msalabani, anawapakia wahusika wake kwenye matatu ya Mwaura, Ford Model T kuukuu, kutoka Nairobi kwenda Ilmorog, na humo ndimo wanapoanza kusimuliana maisha. Wakifika kwenye karamu ya wezi na wanyang'anyi, kila mshindani anatakiwa ajitambulishe pamoja na kutaja magari anayomiliki. Tazama alivyopanga: ndani ya gari bovu la pamoja kuna hadithi, kwenye orodha ya magari mazuri kuna majigambo. Naye Sembène Ousmane, katika filamu yake ya Xala ya 1975, alimwonyesha mfanyabiashara wa Dakar ambaye Mercedes yake inahudumiwa kwa maji ya chupa ya Evian. Hakuhitaji kusema ni gari la kifahari. Alionyesha maji.

Kwa hiyo nini kifanyike? Ninyi ni watu wa kuandika, basi nawapa kazi ya kuandika. Kabla ya kwenda benki, chukua daftari la shule. Kwa siku thelathini andika kila safari: nani alikuwemo, mzigo gani, barabara gani, kilomita ngapi. Usiandike unachotamani, andika kilichotokea. Mwisho wa mwezi lisome kama unavyosoma riwaya ya mtu mwingine, na utamjua mhusika mkuu.

Wengi mtakuta ni mtu mmoja au wawili, begi la kompyuta na mfuko wa sokoni, kwenye lami na kilomita moja ya vumbi. Huyo anahitaji gari dogo: Corolla, IST, Vitz, Premio. Spea zake ziko kila kona, fundi wa mtaani amelifungua mara mia, na ukiliuza lina mnunuzi.

Wengine mtakuta daftari limejaa watu. Shangazi wa kupeleka Muhimbili, watoto wanne wa ndugu, kwaya, msiba wa Kibaha Jumamosi na harusi ya Kigamboni Jumapili. Hiyo ndiyo familia ya Kiafrika inayotajwa kwenye hotuba, na gari lake ni Noah au Hiace. Najua mnaionea aibu. Nimesikia mtu akisema, "Nikiwa na Noah watadhani nafanya mchomoko." Acha wadhani. Msibani hakuna anayeuliza gari lina urefu gani, wanauliza lina nafasi ngapi. Mwenye la juu la kifahari hutuma rambirambi kwa simu, mwenye Noah ndiye anayewarudisha wamama nyumbani usiku.

Wenye duka, shamba au karakana mtakuta mizigo. Nunueni kirikuu au pikapu, na msiruhusu mtu awaambie kwamba mwenye kirikuu hajafanikiwa. Linaingiza pesa, la kwake linatoa.

Na wako ambao daftari litasema mto, tope, mlima, wagonjwa, masika. Afisa kilimo, muuguzi, mwongoza watalii, mchungaji mwenye vigango saba. Hao ndio wenye haki na gari la juu la magurudumu manne, na kama nchi ingekuwa na akili yangekuwa yao kabla ya kuwa ya wakurugenzi wa Masaki. Kila V8 inayosubiri bosi amalize chakula cha mchana, injini ikiunguruma ili kiyoyozi kisizimike, nikiitazama nahesabu: hapo pangetoka mikonga mingapi ya kubebea wajawazito?

Inawezekana pia daftari likasema huhitaji gari kabisa, kwamba mwendokasi, bajaji na miguu vimekutosha mwezi mzima, hata kama mwendokasi ulisimama kwa mguu mmoja. Ukipata jibu hilo usilifiche. Peleka zile milioni mbili na nusu pengine, na siku ya Desemba panda basi. Lina viti hamsini, dereva analipwa kuangalia barabara, na kutoka Dar hadi Moshi una saa nyingi za kusoma bila kushika usukani.